Mbachao au msala upitao: kufufua mikorosho mizee au kuhamia zao jipya?

Kila Januari, korosho za mwisho zikishafika ghala la AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, swali lilelile hurudi kwenye vibaraza vya Newala, Masasi, Nachingwea na Tunduru. Mikorosho ya marehemu baba imetoa kilo mia moja na kitu ekari nzima. Jirani aliuza ufuta Juni, fedha akaishika mkononi. Je, tukate?

Ulinganisho huu ni wa mwenye shamba la mikorosho ya miaka 20 hadi 40 ambalo mavuno yake yamepungua, na sasa anafikiria kuing'oa apande ufuta, mbaazi au zao lolote linalovuma mwaka huu. Tuseme mapema tunakoegemea: mashamba mengi yanayokatwa hayakuwa na mikorosho mibaya, yalikuwa na mikorosho iliyoachwa. Yapo pia mashamba ambayo kuendelea nayo ni kupoteza muda, nayo tutayataja waziwazi.

Mti mbaya au mti ulioachwa?

Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho msimu wa 1973/74. Katikati ya miaka ya 1980 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Udongo ulikuwa uleule na mikorosho ileile. Kilichobadilika ni kwamba Operesheni Vijiji, ile ya kukusanya watu vijijini, ilihamisha familia zikawa mbali na mashamba yao, bei ikakatisha tamaa, magugu na moto vikaingia, kisha ukaja ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe. Ufufuo wa miaka ya 1990 ulianza na miti ileile, baada ya watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele kuonyesha kwamba salfa ya unga na usafi wa shamba vinairudisha kazini. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuka tani 300,000.

Kwa hiyo swali la kwanza haliuhusu umri wa mti, linahusu kilichoutokea Juni hadi Septemba. Ingia shambani mwezi Julai, shika shada la maua lililo kimo cha uso wako. Shada lenye afya lina rangi ya waridi na kijani, na likitikiswa halitoi vumbi. Shada lenye ubwiriunga lina ukungu mweupe kama limepakwa unga wa muhogo, kuanzia ncha za vitumba hadi kwenye vikonyo. Baada ya siku chache vitumba hugeuka kahawia, hukauka bila kufunguka, na shada hubaki kama fagio kuukuu. Ua ambalo halikufunguka halitoi korosho hata mti ungekuwa wa miaka kumi. Ukiona hivyo shamba zima, ujue hujapima mti wako bado, umepima ugonjwa.

Angalia pia machipukizi laini. Madoa meusi yenye pembe na ncha iliyokauka kama imebabuliwa na moto ni kazi ya mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza machipukizi. Kama mtini kuna viota vya majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani, usivichome kwa sababu tu wanauma wakati wa kuvuna. Wanawinda mbu huyo. Salfa haiwadhuru sana, ila dawa za kuua wadudu zinawamaliza, na wakiisha utabaki ukinunua dawa hiyo kila mwaka.

Njia ya kwanza: kuitunza iliyopo

Kazi inaanza mara tu baada ya mavuno, Januari hadi Machi. Pogolea matawi makavu, matawi yanayoburuta chini kiasi cha kumzuia mtu kuingia kuokota, na zaidi ya yote maotea ya ndani ya mti. Hayo maotea ndiyo yanayosahauliwa. Vimelea vya ubwiriunga hupita kipindi cha mvua vikiwa kwenye majani machanga yaliyo kivulini, ndani kabisa ya mwavuli wa mti, halafu huruka kwenda kwenye maua baridi ya Juni ikianza. Mkulima anayetoa maotea hayo mapema huchelewesha ugonjwa, na salfa yake hufanya kazi rahisi zaidi. Tumia msumeno, kwani panga hupasua mti na kuacha jeraha la kuingilia wadudu. Usiondoe zaidi ya robo ya mwavuli kwa mwaka mmoja, maana shina lililozoea kivuli hubabuka likipigwa na jua ghafla.

Jambo la pili ni msongamano. Mkorosho huzaa pembeni, pale jua linapofika. Miti iliyopandwa mita 6 kwa 6 ni 112 kwa ekari; ikishagusana huzaa juu tu, na pande zote nne hubaki kuni. Nafasi ya mikorosho mikubwa ni mita 12 kwa 12, miti 28 kwa ekari. Inauma kukata miti 84 uliyopanda mwenyewe au aliyopanda mzazi, lakini shamba la miti 28 iliyokunjua matawi hulishinda shamba la miti 112 inayobanana, na huhitaji salfa robo tu. Kata kwa awamu: mwaka wa kwanza toa mti mmoja kati ya miwili kwa mshazari, ibaki 56, kisha baada ya misimu miwili shuka hadi 28 ukiwa tayari umejua ipi ni mizazi.

Salfa ya unga ni gramu 250 kwa mkorosho mkubwa kila mzunguko, mizunguko mitano, siku 14 kati ya mmoja na mwingine. Kwa miti 28 ni kilo 7 kwa mzunguko na kilo 35 kwa msimu, yaani mfuko wa kilo 25 na kilo 10 za mfuko wa pili. Anza mashada ya kwanza yanapochomoza na dalili za kwanza nyeupe zinapoonekana. Kosa kubwa kuliko yote ni kusubiri mpaka shamba zima liwe jeupe. Salfa huzuia, haifufui ua lililokufa. Pulizia kabla ya mapambazuko, umande ukiwa majani yote na hewa imetulia, ili unga ushike. Ukifika saa tatu asubuhi upepo wa kusi umeshaamka na nusu ya salfa yako inapulizia shamba la mwenzako. Vaa barakoa na miwani, wala usivute sigara karibu, kwa sababu salfa inawaka. Salfa ya mwaka jana iliyoganda mabonge kwa unyevu haitoki sawasawa kwenye mashine. Ichekeche kwanza au uiache.

Kasoro ya salfa isemwe pia: mwaka baada ya mwaka huongeza tindikali kwenye udongo wa kichanga. Kwa hiyo wengi hubadilishana na viuatilifu vya maji, ambavyo hupulizwa kila baada ya siku 21 hivi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye lebo. Vinahitaji maji ya kutosha, na hapo ndipo vijiji vya juu ya uwanda wa Makonde vinapokwama.

Mwisho ni palizi na moto. Safisha chini ya miti kabla korosho hazijaanza kudondoka, na weka barabara ya moto ya mita 3 hadi 5 kuzunguka shamba. Moto wa Septemba na Oktoba, wa majirani wanaosafisha mashamba mapya ya ufuta, umeua mikorosho mingi iliyokuwa inatunzwa vizuri.

Njia ya pili: kubebesha visiki

Hii ni ya mti ambao umetunzwa na bado hauzai. Mashamba mengi ya zamani yalipandwa kwa korosho zilizookotwa, kwa hiyo kila mti una tabia yake. Mmoja hutoa debe, wa pembeni yake hutoa kisado, kila mwaka. Mti wa aina hiyo una mizizi mizuri ya miaka 25 iliyoshika udongo na kufikia maji ya chini. Kuung'oa ni kutupa mizizi hiyo. Kubebesha ni kubadilisha sehemu ya juu tu.

Kata shina kwa msumeno au chensoo, kimo cha sentimita 50 hadi 100 kutoka ardhini, mkato uwe na mteremko ili maji yasitulie juu. Paka mkato dawa ya shaba dhidi ya fangasi. Baada ya mwezi mmoja au miwili kisiki kitatoa maotea mengi; acha saba au nane yenye afya yaliyokaa kuzunguka kisiki, mengine yang'oe. Yakifikia unene wa penseli yako tayari.

Vikonyo, yaani vipande vya tawi vya kubebeshea, vichukuliwe kwenye mkorosho unaojulikana kwa uzazi, matawi ya pembeni ambayo hayajachanua, urefu wa sentimita 8 hadi 10, unene uleule wa penseli. Kata majani yake ukiacha vishina, siku 7 hadi 10 kabla ya kuvitwaa, ili jicho la juu livimbe. Asubuhi ya kazi, vifunge kwa kitambaa kibichi na usiviweke juani hata dakika tano. Pasua otea katikati sentimita 4 au 5, chonga kikonyo kiwe kabari ya urefu huohuo, kichomeke ganda likutane na ganda angalau upande mmoja, funga kwa ukanda wa nailoni kukaza, kisha kivalishe kimfuko cha plastiki chembamba kama cha barafu za watoto. Baada ya wiki tatu hivi jicho likifunguka, toa kimfuko jioni, si mchana. Ukanda wa nailoni uondolewe baada ya miezi miwili au mitatu. Ukisahauliwa hukaba mti.

Kinachoharibika hapa ni vitu vinne, na vyote huanza kwa kuondoka shambani. Maotea ya asili hukua haraka kuliko yaliyobebeshwa na kuyafunika; yatoe kila wiki mbili mwaka mzima wa kwanza. Upepo huvunja kiungo. Funga kila tawi jipya kwenye mti wa kusimika. Bungua hutoboa kisiki, na utamjua kwa unga wa mbao na utomvu mweusi kwenye gome. Mchokoe kwa waya kabla hajafika ndani. Mbuzi huhitaji siku moja tu.

Usikate shamba lote mara moja. Theluthi moja kwa mwaka inatosha, na uanze na miti duni kuliko yote. Tarajia visiki kadhaa kufa, hasa vya miti iliyopita miaka 30. Iliyopona huanza kuzaa mwaka wa pili au wa tatu.

Njia ya tatu: kung'oa na kupanda ufuta au mbaazi

Ufuta una sifa zake za kweli. Mbegu kilo 2 zinatosha ekari. Unapandwa Januari hadi Februari, mistari ya sentimita 50, shimo hadi shimo sentimita 20, kina kisizidi sentimita 3, ukiacha mimea miwili. Siku 90 hadi 120 umekomaa. Aina kama Lindi 2002 na Ziada 94 zimefanyiwa kazi hapahapa kusini. Kwa mwenye ada ya shule inayodaiwa Julai, hakuna mkorosho unaoweza kushindana na hilo.

Ugumu wake uko kwenye wiki mbili: ya palizi ya kwanza na ya kukata. Ufuta mchanga hukua polepole, na usipopaliliwa na kupunguzwa ndani ya wiki tatu magugu yanaumeza. Wakati wa kuvuna, vitumba vya chini vikianza kugeuka njano, kata. Ukisubiri hadi vya juu vikauke, vya chini vimeshafunguka na ufuta uko mchangani. Funga matita, yasimamishe juu ya turubai, yakikauka yageuze kichwa chini uyapige. Aliye peke yake na ekari nne ataipoteza moja.

Jambo ambalo halisemwi kwenye vibaraza ni hili: mwaka wa kwanza hudanganya. Ardhi iliyotoka chini ya mikorosho ina majani yaliyooza ya miaka mingi, na ufuta wa kwanza juu yake hupendeza. Mwaka wa tatu, kwenye kichanga kilekile, bila kubadilisha zao na bila mbolea, mavuno hushuka. Ndiyo maana wakulima wa ufuta Lindi hufuata misitu mipya kila baada ya misimu michache. Ukishang'oa mikorosho kwenye ekari mbili ulizo nazo, wewe hutakuwa na msitu wa kuhamia.

Bei nayo ina yake. Agosti 2017 India iliweka kikomo cha uagizaji wa mbaazi, na waliokuwa wamepanda mbaazi kwa sababu ya bei ya miaka miwili nyuma walibaki na magunia ndani. Hatusemi korosho ni salama: mwaka 2018 minada ilikwama hadi serikali ikaingia kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Tofauti ni kwamba bei ya korosho ikianguka mti unabaki. Anayeruka kutoka mbaazi kwenda ufuta, kutoka ufuta kwenda vanila, kila mara huingia bei ikiwa juu na hutoka ikiwa chini, huku akianza kujifunza upya wadudu, vipimo na wanunuzi. Vanila yenyewe inataka unyevu, kivuli na kuchavushwa kwa mkono ua moja moja; ukanda wenye miezi mitano au sita bila mvua si kwao.

Yakiwekwa pamoja, kwa ekari moja

| | Kutunza | Kubebesha | Kung'oa, ufuta |
|---|---|---|---|
| Fedha ya kwanza | msimu uleule | mwaka wa 2 au 3 | miezi 4 hadi 5 |
| Gharama kubwa | salfa na mashine | fundi na usimamizi | kung'oa visiki, vibarua |
| Miezi ya kazi nzito | Jan–Machi, Juni–Sept | mwaka wote wa kwanza | Jan–Juni |
| Likikosewa | unapoteza msimu | unapoteza miti kadhaa | mti haurudi |

Mstari wa mwisho ndio tunaoupa uzito. Kosa la njia ya kwanza hurekebishwa mwakani. Kung'oa hakurekebishwi, mche mpya uliobebeshwa utaanza kukupa kitu mwaka wa tatu, na wa maana mwaka wa tano na kuendelea.

Tazama pia mstari wa miezi. Ufuta na salfa havigongani. Fedha ya ufuta hufika Juni, salfa hutakiwa Juni. Ukishapunguza miti hadi 28, ufuta unaweza kukaa katikati ya mistari palipo na jua, usivuke kuingia chini ya matawi. Pia kona ya shamba isiyo na mikorosho inatosha: nusu ekari ya ufuta iliyopaliliwa vizuri inalipia salfa ya ekari mbili. Hapo zao jipya linakuwa mtumishi wa zao la zamani. Mgongano uko Februari, palizi ya ufuta inapokutana na kupogolea. Pogolea kwanza, wiki mbili za mwanzo za Januari.

Pima miti 20 kabla ya kuamua

Chagua miti 20 iliyo sehemu moja ya shamba. Iandike namba kwa rangi. Kumi ipe huduma kamili: kupogolea, mizunguko mitano ya salfa, palizi. Kumi ifanyie kama siku zote. Kila mti uwe na mfuko wake wakati wa kuokota, na upime kwa mizani baada ya kuanika, si kwa macho. Fanya hivyo misimu miwili, kwa sababu mkorosho ulioachwa miaka mitano hauonyeshi kila kitu mwaka wa kwanza. Kwa miti kumi salfa ni kilo 12 na nusu tu kwa msimu.

Mti uliohudumiwa misimu miwili na bado uko chini ya kilo 3, ubebeshwe au utolewe. Uliopanda kutoka kilo 4 hadi 8 ulikuwa unakungoja. Kama miti yote kumi imekataa, una ushahidi, na hutakuwa umeondoka kwa sababu ya kelele za sokoni.

Pale ambapo kuondoka ni sahihi

Ondoka, bila kujilaumu, kwenye shamba lenye mnyauko fusari: majani ya upande mmoja hugeuka njano na kukauka, kisha mti mzima hufa, na miti ya jirani hufuata. Vimelea viko udongoni. Kubebesha hakusaidii, na mche mpya wa mkorosho palepale utakufa. Toa taarifa kwa ofisa ugani, choma masalia hapohapo, usihamishe udongo kwa majembe na matairi.

Ondoka kwenye mbuga inayotuamisha maji, na kwenye mti uliooza moyo wa shina. Ondoka pia kama ukweli wako ni kwamba hutakuwepo shambani Juni hadi Septemba na huna wa kumwachia, kwa sababu mikorosho bila miezi hiyo minne ni kivuli tu.

Kabla chensoo haijawashwa, maliza maswali mawili. Kama mikorosho iliwekwa rehani, matunda yake ni ya mwingine hadi deni liishe. Nenda naye mkaandikishane mbele ya mtendaji wa kijiji. Kama ni ya urithi, itisha warithi wote shambani, si kwa simu, mtembee mti kwa mti mkiwa na daftari la kilo mkononi, na kila utakaokatwa upigwe alama ya rangi wote wakiona. Pia ulizia AMCOS jinsi idadi mpya ya miti itakavyoandikwa kwenye daftari la pembejeo za ruzuku, ili Juni ikifika usikose salfa ya ile uliyoibakiza.